Fraise ya kupigia foto

Papy, banidanganya. Miye, muntu muzima!

Unakumbuka ile fraise mupya, ile ya matunda nyekundu? Agronome Bokungu, ule fundi wa mashamba, alisema matunda yake iko makubwa sawa yayi ya kuku, tena tamu kupita zote. Njo nikangoa matembele yote ya marehemu Clémentine, muke wangu, nikaipanda pale.

Leo bakubwa ba Bokungu bamekuja na appareil ya kupiga foto. Kubwa, iko kubwa kweli. Nikauma moja mbele yabo: mu kati iko wazi, nyeupe, maji tu.

Nikamuuliza Bokungu. Akacheka: «Muzee, ile iko ya foto, haiko ya kula.»

Ya foto, Papy! Na alijua!

Clémentine alikupatiaka kamba za matembele. Kama ingali hai kwako, unikatie hata moja, niipande tena pale.