Zakariye Hirsi: Picha Isiyo na Maneno

Mwaka umetimia, Zakariye, tangu homa ilipokuondoa kwetu hapa Garissa, Mei 1998.

Ulitengeneza tovuti ya shirika la misaada, kazi ambayo mama hakuwahi kuielewa. Aliwaambia majirani kwamba unapanga karatasi ndani ya televisheni. Hukumsahihisha.

Mkaguzi wako alikuwa dada yako Bilan, aliyepofuka kwa trakoma angali mtoto kule Balambala. Jumamosi, ofisi ikiwa tupu, ulimketisha mbele ya kompyuta, na ile programu ya kusoma kwa sauti ikamsomea kurasa zako. Nyuma ya kila picha ulikuwa umeweka maneno ya kuieleza, ili naye asipitwe. Siku moja uliandika, "Ngamia mzuri kisimani." Bilan akacheka.

"Mzuri ni maoni yako, walaal, ndugu yangu. Dume au jike? Nundu imesimama au imelala? Mnyama huyo nitamnunuaje?"

Uliandika upya. Tangu hapo hukuweka picha bila kusema kilichomo.

Mkuu wako aliona unapoteza muda. Alikuuliza mbele ya wenzako ni kipofu gani wa Garissa atakayefungua kompyuta.

"Yuko mmoja," ulimjibu. "Anakula kwangu."

Baada ya mazishi tovuti ilitengenezwa upya. Maneno yako yote yalifutwa, kwa kuwa hayakuonekana kwenye skrini. Kisha wakaweka picha yako ukurasa wa mbele, kwa heshima. Bilan aliposikia, alikwenda ofisini. Kompyuta ilimwambia kwamba hapo pana picha. Akairudisha nyuma, ikasema vilevile. Aliomba waandike mstari mmoja tu. Walimjibu kwa upole kwamba picha inajieleza.

Haijielezi. Tunaieleza hapa, na ndugu yenu Abdinasir atamsomea Bilan.

Mwanamume mwembamba wa miaka thelathini na mmoja, ameketi. Shati jeupe, kola imechakaa. Miwani imefungwa uzi upande wa kushoto. Anakaribia kucheka. Hatazami kamera, anamtazama mtu aliyeketi kando yake, ambaye wameikata picha ili asionekane. Limebaki bega, na ncha ya mtandio wa kijani.

Mtandio huo ni wa Bilan.

Wanaokukumbuka ni mama yako Arbia, mkeo Sahro, ndugu yako Abdinasir, na dada yako. Mwenyezi Mungu akurehemu. Tutakukumbuka daima, na tutakusema kama ulivyokuwa.