Sukari ya Séphora

Siku ya pili, 14 mai 2024

Jibu ya vipimo ya damu ya mutoto wetu Séphora imefika kutoka Ulaya. Miezi tano! Docteur Mukendi alituingiza mu bureau yake, akafunga mulango, akatuelezea polepole, mimi na bwana yangu Delphin. Mwili unapashwa kubandika sukari fulani juu ya protini, ndipo protini ifanye kazi. Anzime ya kutengeneza hiyo sukari, kwa mutoto wetu iko zaifu. Ndiyo maana anahara, anatapika, damu inaganda mu miguu. Na ndiyo ilimuua kaka yake Josaphat — myaka ine sasa familia ya Delphin inaniita mulozi juu yake, eti nilimula kwa uchawi.

Na dawa iko! Unga ya hiyo sukari, mannose, ya kunywa kila siku. Docteur ameiagiza. Lakini alikaza: mutoto asikae njaa. Sukari ya damu ikianguka, anakufa.

Delphin aliuliza kitu kimoja tu, ugonjwa inatoka kwa nani.

"Kwenu wote wawili," docteur akajibu.

Mu njia alitangulia mbele, karatasi ya jibu akaniachia mimi.

Siku ya tano, 17 mai

Mama mukwe alikuja. Nilimusomea karatasi. Delphin akaninyanganya, akaipasua. Eti kwao hakuna damu mubovu. Mama mukwe hata hakukasirika. Alisema sauti ya chini:

"Ulikula wa kwanza. Huyu hatutakuachia."

Siku ya kwanza, 3 juin

Unga imefika! Nilikimbia kuichukua ku hospitali. Kurudi — kitanda tupu. Jirani Florentine aliona Delphin na mama yake banapanda gari ya Beni na mutoto. Alisikia banaenda mu chambre de prière, nyumba ya maombi, kule Mulekera. Siku tatu kavu, bila kula, bila kunywa, kumutoa ulozi wangu.

Delphin hakamati simu. Barabara ya Beni imefungwa, banasema risasi zinalia. Kesho tu, na convoi ya basoda, maaskari benye kulinda magari.

Siku ya ine, 6 juin

Juzi na jana pia barabara ilifungwa. Leo nimefika. Portail, mulango ya inje ya nyumba ya maombi, iko na kofuli. Niligonga mupaka ngozi ya mikono ikapasuka. Ndani banaimba. Motard aliyenileta na pikipiki ameenda kuita infirmier, muuguzi wa karibu. Naandika juu sijue mikono niipeleke wapi.

Delphin alifungua kidogo. Nilipiga magoti, nikamuonyesha unga. Kijiko kimoja tu. Hata maji ya sukari. Uso wake ulikuwa na furaha — myaka sijauona vile.

"Mama alisema kweli," akaniambia. "Toka asubui mutoto ametulia. Halii tena."

Akafunga. Banaimba zaidi. Pikipiki ya motard haijasikika —