Kivuli Chako Kimelala Upande wa Duka Letu

Mpendwa mdogo wangu Salma,

Assalaam alaykum. Mama ni mzima, mguu wake umepoa, na cherehani yake inapiga kelele kama kawaida. Nimeanza na hayo kwa sababu najua ndiyo utakayoyauliza mwanzo, na pia kwa sababu nina jambo jingine ambalo sijui pa kulianzia. Ni ile picha uliyotutumia Idi kutoka huko ugenini.

Umesimama katika bustani ya nyumba kubwa, mfano wa zile za Kizingo, mitende nyuma yako, umevaa gauni la zambarau, unacheka. Chini umeandika, "Mwambieni Mama huku ni raha mustarehe." Mama aliishika simu yangu hata chai yake ikapoa. Mimi nilitazama miguu yako. Unajua kazi hii ya kutengeneza picha ilivyotuharibu, hatuanzi tena na uso wa mtu. Vivuli vya mitende vililala kushoto. Chako kililala kulia.

Salma, kivuli kile nakijua. Ni cha duka letu.

Unakumbuka wiki yako ya kwanza kazini? Yule mzee seremala wa Ndia Kuu alituletea picha ya kiti alichokichonga, tukikate, tukiweke juu ya sakafu nzuri apate kuwatumia wateja kwenye simu. Ukakipa kivuli cheusi tii. Mzee akainama kwenye kioo cha kompyuta, akasema kwa adabu zake zote, "Binti yangu, kiti changu kimemwagikiwa lami?" Ukajifungia chooni ukalia. Nikakugongea, nikakutoa nje kwenye jua la saa tatu, nikakusimamisha mbele ya mlango na kukichora kivuli chako kwa chaki barabarani. Watu walipita wakitucheka, na mmoja akauliza kama tunapima kaburi. Nikakwambia tazama: penye visigino kimekoza na kingo zake ni kali, penye kichwa kimefifia, hujui kinaishia wapi. Wala si cheusi, kimechukua rangi ya barabara.

"Kumbe kivuli nacho huchoka kwa mwendo," ukasema. Hapo ndipo nilipojua kwamba utanishinda.

"Mkanyagishe kwanza." Nilikuchosha kwa neno hilo. Ule mstari mwembamba wa giza chini ya nyayo, maana bila huo mtu anaelea. Kisha unaunakili mwili, unaujaza giza, unaulaza chini na kuufifisha kadiri unavyokwenda mbali. Vilivyo nyuma unavitia ukungu kidogo ili picha ipate kina. Na nuru siku zote itoke kushoto, kwa kuwa mlango wetu uko kushoto kwa kiti cha wateja na kila picha tunayopiga humu ina nuru hiyo. Mpangilio huo tuliuhifadhi kwenye kompyuta, wewe ukaupa jina, "Wetu". Kumbe ulisafiri nao kichwani.

Kwenye picha ile ulifanya yote. Ulijikanyagisha. Ulikififisha kichwa. Ni kazi safi kuliko zangu, na nilikuonea fahari kabla sijaanza kuogopa. Kisha niliogopa sana. Mtu aliyesimama bustanini ana haja gani ya kujikata na kujibandika bustanini? Nikaanza kukumbuka mengine. Tangu kabla ya Ramadhani eti kamera ya simu yako ni mbovu, hatukuoni tukizungumza. Lile duka la nguo ulilokwenda kulipigia picha hulitaji tena. Nikikuuliza, unanijibu kwa vile vijiuso vya kucheka.

Mama akataka picha ichapishwe kubwa, aitundike sebuleni. Ningemwambia nini? Nilikaa nayo siku mbili. Nilifikiria kukugeuza wewe mzima, iwe rahisi, lakini alama yako ya shavuni ingehamia shavu la pili, na Mama angeidaka kabla fremu haijafika ukutani. Basi nikakifuta kivuli chako, nikakulazia kingine kando ya vile vya mitende, nikakutia nuru kidogo upande wa pili wa uso. Nilikuwa nakusaidia kusema uongo, mdogo wangu. Na mkono ulipokuwa ukipita shavuni mwako nilikumbuka nilivyokuwa nikikupaka mafuta utotoni kabla ya kwenda chuo cha Kurani, nikalia peke yangu mbele ya kompyuta.

Picha ikatundikwa. Majirani wakaja wakasema mashaallah, kanawiri. Nikadhani nimefaulu.

Juzi alasiri nilimkuta Mama amesimama mbele ya picha hiyo, utepe wa kupimia umemning'inia shingoni. Hakugeuka.

"Gauni hili nimelishona mimi, siliyui?" akasema. "Mshono huu nliuweka begani. Sasa umeshuka mkononi. Mwanangu amekonda."

Nikasema ni kamera tu, Mama, kamera huongopa.

"Na wewe siku mbili wahangaika nayo, wadhani sikuoni? Picha ya mtu aliye salama yahangaikiwa siku mbili?"

Nilimweleza yote, kivuli chako na changu. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaifuta kwa leso, akaivaa tena.

Kwa hiyo, Salma, hakuna tena wa kumficha. Sijui unalala wapi wala umekutwa na nini. Kama kazi imekwisha, au haikuwapo tangu mwanzo, hapa hakuna atakayekusimanga, na akijitokeza nitamalizana naye mimi. Nakuogopea na nimekukumbuka mpaka mwili unauma. Piga picha moja hapo ulipo, hata kama ukuta umebanduka rangi, hata kama hujachana nywele. Usiiguse. Nitumie hivyo hivyo, pamoja na mahali pa kukupata, tupange safari yako. Kiti chako dukani nimekataa kumpa mtu, na kazi za arusi zimenizidi.

Juzi hiyo hiyo, baada ya maneno ya Mama, niliona haya, nikanyoosha mikono niishushe picha ukutani. Mama akanishika mkono kunizuia.

"Iwate hapo," akasema. "Ataiondoa mwenyewe akija."

Nakuacha katika amana ya Mola, mpaka nikuone kwa macho.

Dadako