Maji Yakiwa Meusi

Morogoro, 6 Machi 1911

Baba yangu,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Mimi mzima, ila kifua kinabana kwa mvua hizi. Mama bado anasumbuliwa na magoti? Wadogo zangu Stefano na Modesta hawajambo?

Nina habari ya kujisifu, univumilie. Bwana Mganga wa hospitali yetu amenikabidhi wanafunzi wa uganga, na kitabu cha Kidachi cha kwao Ujerumani, kizito kama tofali. Vijana wenyewe wanakaa miezi michache tu, kisha wanapelekwa Mikese, Ngerengere, popote reli inapohitaji watu. Nani atalimaliza tofali? Basi nimetunga karatasi yangu ya Kiswahili: kila ugonjwa mistari mitatu, yaani dalili, dawa na katazo. Inakunjika mfukoni. Bwana Mganga ameipitia, akacheka, akasema nipunguze tena.

Nakuletea nakala, umpe mdogo wangu Modesta na mwenzake Cecilia, wanaowasaidia masista kuuguza.

Mwanao, Leonard

Mlimani, 20 Machi 1911

Mwanangu Leonard,

Marahaba. Milele amina. Magoti ya mama yako ni yale yale, na mvua imeangusha ukingo wa shamba la maharage. Stefano ameshuka Ngerengere kwenye kazi ya tuta la reli. Nilimkataza, hakusikia.

Karatasi yako nilianza kuwasomea wasichana barazani kwa Padre, wazee wakiwapo. Nilipofika kwenye homa nikakutana na neno “mkojo”, waziwazi, kama mtu anasema “ugali”! Nikaikunja pale pale, sikuendelea hata neno moja. Leonard, nilikupeleka shule ili uje kunivua nguo mbele ya binti yangu? Iandike upya kama mtu aliyelelewa. La sivyo haiingii nyumbani kwangu.

Baba yako, Petro

Morogoro, 11 Aprili 1911

Baba,

Shikamoo, na unisamehe. Nilicheka kidogo niliposoma, kisha nikaona haya. Padre naye hajambo baada ya aibu ile?

Neno limeondoka. “Haja ndogo” ilizidi mstari, nikatafuta neno moja fupi la adabu, na wanafunzi wangu nimewaeleza maana yake kwa mdomo. Sasa hata kanisani inasomeka. Hii hapa nakala ya Modesta. Vijana wamekwisha kuondoka na zao, nami nimebaki natembea hospitali nimetunisha kifua.

Mwanao, Leonard

Mlimani, 2 Julai 1911

Mwanangu,

Hujambo? Sisi tuna mgonjwa. Stefano amerudi juzi, amebebwa kwa machela tangu Mikese. Ana homa, anatetemeka, anatapika, macho ya manjano. Huko relini alikuwa anameza kwinini siku anayokumbuka tu.

Usihofu lakini, dada yako hambanduki. Karatasi yako inasema, “Homa: toa kwinini. Maji yakiwa meusi, usitoe.” Basi Modesta akaenda kutazama mtungini. Maji ni meupe kabisa, tumeyachota wenyewe chemchemi ya juu. Hata hivyo akayachemsha. Amempa kwinini jana, na leo tena. Mwanangu, nimeona fahari jinsi anavyofuata kila ulichoandika.

Baba yako, Petro

Morogoro, 4 Julai 1911

Baba,

Acheni kwinini! Msimpe hata chembe. Maji hayo si ya mtungini. Ni mkojo, baba, ni lile neno ulilonikataza. Mkojo ukiwa mweusi, kwinini inamaliza damu ya mtu. Mlazeni, asiinuke, mpeni maji ya kunywa kidogo kidogo. Nimeomba ruhusa nije, Bwana Mganga amekataa. Mchukuzi nimemsihi asilale njiani.

Leonard

Mlimani, 15 Julai 1911

Mwanangu,

Barua yako ilitukuta tumekwisha kumzika Stefano. Alikata roho mikononi mwa Modesta, aliyekuwa bado ameshika kikombe cha dawa.

Barua niliipokea mimi mlangoni. Nimeisoma, nikaitia jikoni kwenye moto. Modesta hajui. Anaamini ni mapenzi ya Mungu, na bado anakwenda kwa wagonjwa, karatasi yako ameifunga kwenye pindo la kanga. Nakuomba kama baba yako: usilete nakala nyingine huku. Akiona neno limebadilishwa ataelewa alichofanya. Nimezika mtoto mmoja, sitaki kuzika wa pili.

Baba yako, Petro

Morogoro, 29 Julai 1911

Baba,

Shikamoo. Poleni nyote, nami nipeni pole, maana Stefano nilimbeba mgongoni.

Uliloniomba siwezi. Nimezidai nakala zote zirudi. Mikese kijana mmoja alikwisha kuwanakilia wenzake bila kuwaeleza maana. Na Modesta je? Akiitwa kesho kwa mgonjwa mwingine aliyetoka relini, atakwenda tena kutazama mtungi. Aliyekosea ni mimi niliyeandika, si yeye aliyesoma. Ningeweza kukataa, nikataka unisifu.

Nakala mpya inasema mkojo. Imekwenda kwa masista moja kwa moja, itafika baada ya barua hii. Mwambie wewe kabla hajaisoma. Nakusihi, baba.

Mwanao, Leonard

Mlimani, 8 Agosti 1911

Leonard,

Nimemwambia. Nilimkalisha jikoni nikalitaja neno lenyewe. Hakulia. Aliuliza jambo moja tu, kama Stefano mwenyewe hakuona.

Nilitaka kusema hakuona. Lakini aliona, mwanangu. Asubuhi ya kwanza nilimshika mkono kumpeleka nyuma ya nyumba, akaniambia, “Baba, natoa kitu kama kahawa.” Nikamwambia hayo si ya kumsimulia dada yake.

Nimemwambia Modesta hivyo hivyo. Akainuka, akakusanya nguo zake kikapuni, amehamia kwa masista. Mama yako ananiuliza kila siku binti amekosewa nini humu ndani, nami nachukua jembe nakwenda shambani.

Baba yako, Petro