Kahawa Niliyoikataa Mkononi mwa Dada

Jumamosi jioni, Bukoba. Mvua imenyesha tangu asubuhi, ile nyembamba ya ziwani isiyo na kelele, na viatu vyangu bado vina udongo wa Muleba. Nimechoka, lakini nisipoandika leo, kesho nitajidanganya.

Nilimuua dada yangu kwa kukataa kahawa.

Najua, daktari alisema ni kisukari. Lakini mimi ndiye niliyeanza.

Miaka minne iliyopita mume wangu alikwenda kijijini kwetu Muleba, akala mchana kwa dada yangu Edita, na siku ya pili akaanguka, akafa. Hospitali walisema mshipa wa kichwani ulipasuka. Mimi moyoni nikasema sumu. Msibani Edita akaniletea akamwani, zile buni zilizochemshwa na kukaushwa ambazo kwetu mtu hupewa atafune kabla ya maneno. Alinyoosha kiganja mbele ya waombolezaji wote. Nikavuta mkono wangu, nikauficha ndani ya kitenge.

Sikusema kitu. Kwetu hapakuwa na haja ya kusema.

Tangu siku ile hakuna jirani aliyekula tena kwa Edita. Ndizi zake alikula yeye na binti yake Koku, wawili tu. Mwaka haukuisha, uchungu ukapoa, nikaamini maneno ya hospitali, nikajua nimemsingizia. Lakini kwenda kumwambia nilishindwa, kiburi kilinikaba. Mavuno ya kahawa ya mwaka huu tukamzika.

Niliungama kwa padri, akaniondolea dhambi, nikatoka kanisani na uzito uleule. Ndiyo maana juzi, nilipompelekea Mama Hansa blauzi zake za sari, nikajikuta namweleza yote. Ni mjane wa Kihindi, mteja wangu tangu najifunza cherehani. Alikuwa anabadilisha maua mbele ya picha ya Krishna wake. Nikamuuliza kama Mungu wao anasamehe.

Akasema anasamehe, anayemwendea kwa moyo wote hamfukuzi. Ila tendo lina tunda lake, na atakayelila ni aliyelipanda. Mshale ulioutupa haurudi kwenye upinde hata ulie vipi. Ulio bado mkononi ndio wako, uutupe au uuweke chini.

Kusema kweli nilikasirika. Nilikwenda kutafuta neno tamu, napewa mishale. Nikamuuliza kwa ukali, basi Edita kutengwa vile alikuwa anavuna mabaya ya maisha aliyoishi kabla hajazaliwa, kama mnavyoamini?

Mama Hansa akayaweka maua chini. "Wapo wa kwetu wanaosema hivyo. Mimi nilifiwa na mtoto wa miaka sita, wakaniambia hivyohivyo. Karma, hilo tunda la tendo, ni ya kujipima mwenyewe, mwanangu, siyo ya kumpimia jirani."

Nikaona aibu.

Leo asubuhi nikapanda gari kwenda Muleba, na akamwani niliyoichemsha mwenyewe, nimeifunga kwa jani kavu la mgomba. Koku alinipokea vizuri, akanitandikia mkeka. Nikamweleza kwamba mama yake hakumdhuru mtu, kwamba nilijua, na nikanyamaza miaka yote ile. Nikapiga magoti, mimi mama yake mdogo, nikanyoosha kiganja.

Aliitazama ile kahawa. Kisha akaingiza mikono yake ndani ya kitenge.

"Nimeshiba, mama mdogo," akasema, kwa heshima zote.

Nimelia njia nzima hadi Bukoba. Abiria wa pembeni alidhani natoka msibani, akanipa pole, nikaipokea. Sasa najua Edita alivyojisikia, kiganja kikiwa wazi na watu wanatazama.

Hapana. Hata hilo sijalijua. Mimi leo nilikuwa na Koku tu, hakuna aliyenitazama. Dada nilimwaibisha mbele ya kijiji kizima, halafu nimekwenda kumwomba radhi binti yake chumbani, mlango umefungwa.

Pale stendi nilikuwa nimeshaapa kwamba sirudi tena. Hakuna aliyeniandikia kiapo hicho, nilikitunga mwenyewe, na mwenyewe nakifuta. Jumamosi ijayo jumuiya ya kanisa ya kijiji inasali kwa jirani wa Koku. Nitasimama mbele ya walewale walioniona siku ile, niseme nilisingizia. Halafu nitavuka kwenda kwa Koku, wakinitazama, niombe chakula kwenye chungu cha mama yake.

Atanipakulia?