Jambazi Asiyeua Ng'ombe

Milanzi, Jumapili usiku

Bado nacheka peke yangu. Leo nimekuwa jambazi, na nimeshinda!

Shemeji Deo ametengeneza gemu yake mwenyewe kwenye ile kompyuta kuukuu, picha za vibokisi vibokisi kama gemu za zamani. Kila mtu anataka kuwa shujaa. Basi ujambazi nikapewa mimi, mchumba wa kaka yake, Msukuma pekee sebuleni. Iliniudhi, lakini mbele ya mama yao ningesema nini?

"Shemeji, ua ng'ombe wote wa kijiji, ndiyo unapata nguvu," Deo akanielekeza.

Niue ng'ombe? Mimi, binti wa mfugaji? Baba akisikia...

Nikawazunguka kwa nyuma, nikawaswaga taratibu mpaka darajani. Wakajaa pale. Shujaa wa Deo akakosa njia, akarukaruka, akatumbukia mtoni.

"Aa, gemu haichezwi hivyo!"

Tukacheka wote, isipokuwa mama yao. Tangu ng'ombe wa wafugaji wa kwetu Usukumani waingie kwenye shamba lake la ulezi kule Mpui, salamu zake kwangu zimekuwa fupi. Kusema kweli, nilishaanza kuiogopa hii ndoa.

Wakati wa kuondoka mama yao akanisindikiza mpaka nje, akanishika mkono.

"Mwanangu, wale ng'ombe wamerudi tena shambani. Jumamosi twende wote ukawatoe. Deo abaki hapa na shujaa wake. Mimi nakwenda na jambazi wangu."