Bomba Lililovimba

Mwanangu mpendwa Spana,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini u mzima, pamoja na mume wako na wajukuu wangu. Sisi huku hatujambo, ila tumbo langu limepata umaarufu hospitalini.

Nilikwenda kupimwa figo. Kwenye ultrasaundi wakaona mshipa mkubwa wa damu tumboni umevimba. Daktari alisema uvimbe bado ni mdogo, haufiki sentimita tano, na wa aina hiyo hupimwa kila baada ya miezi kadhaa. Ukikua ndipo wanapasua. Nikamwambia mimi ni fundi bomba, na bomba likivimba silipigi picha, nalibadilisha kabla halijafurika sebuleni kwa watu. Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akanieleza kwamba upasuaji una hatari zake, na kwamba watafiti waliwalinganisha waliopasuliwa mapema na waliosubiri huku wakipimwa, wakakuta waliopasuliwa hawakuishi zaidi. Akaniambia pia niache sigara. Hapo mimi sikucheka.

Sikukubali, Spana. Nilirudi tena na tena kumng'ang'ania anipasue. Kaka yako alinishangaa, akasema wenzangu wanakikimbia kisu, mimi nakikimbilia. Safari ya mwisho daktari akaniuliza, kwa upole kabisa, ninaogopa nini hasa. Nikachukua kofia yangu, nikaaga.

Jibu ninalo, nakupa wewe kwanza. Uliniambia kwenye simu kwamba kazi imekubana, ila likitokea jambo kubwa utakuja mara moja. Nikakumbuka mama yako alipopasuliwa nyongo. Ulifika na begi lako, tukakaa kwenye benchi nje ya wodi, ukasinzia begani kwangu kama zamani ulipochoka kunishikia vifaa chini ya masinki ya watu. Bega lilikufa ganzi na sikulisogeza. Tangu safari ile hujarudi.

Mwanangu, nilitaka nipasuliwe ili uje.

Sasa nimekubali kupimwa tu. Kwa hiyo hakuna jambo kubwa huku, wala sina cha kukutishia. Nimekukumbuka mno, basi.

Mama yako anakusalimu sana. Ananinunia kwa sababu bomba la jikoni linavuja na fundi yumo ndani ya nyumba. Sitaligusa mpaka uje unishikie spana.

Wako akupendaye,
Baba